Gawio Haliviziwi

Kila benki zinapotangaza gawio, swali linalonifikia kutoka Tukuyu, Kiwira na Ushirika, wilayani Rungwe, ni lilelile: "Nikinunua hisa kabla daftari la wanahisa halijafungwa, nikachukua gawio, kisha nikauza, si nimepata faida ya haraka?" Hapana. Nimelijibu kwa mdomo vya kutosha. Leo tupige hesabu.

Chukua hisa ya shilingi 1,000 yenye gawio la 50. Mwalimu mwenye hela za parachichi ananunua hisa 1,000. Kamisheni ya dalali na tozo za soko ni karibu asilimia 2, kwa hiyo zinamtoka 1,020,000. Gawio ni 50,000. Ikikatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, anapata 47,500. Lakini haki ya gawio ikishapita, anayenunua hisa ile hazipati tena zile 50. Kwa nini basi alipe 1,000? Bei huelekea 950. Mwalimu anauza, anakatwa tena asilimia 2, anapokea 931,000. Ongeza gawio: 978,500. Amepoteza 41,500.

Tuseme bei haikushuka hata senti. Anabaki na 7,500, baada ya kusubiri wiki kadhaa, maana siku ya kufunga daftari si siku ya malipo. Tena hapo mnunuzi awe yupo! Soko la Hisa la Dar es Salaam ni dogo. Oda ya kuuza inaweza kukaa siku nyingi bila kuguswa. Na aliyenunua siku ileile ya kufunga daftari amechelewa, kwa sababu umiliki huhamia kwake siku kadhaa za kazi baadaye. Anayekuhubiria "hela ya bure" kwenye kundi la WhatsApp, mwombe stakabadhi zake za kununua na za kuuza, zote mbili.

Waliofaidi gawio ni waliokaa. Hisa ya CRDB iliuzwa 150 mwaka 2009. Miaka kumi baadaye ilishuka chini ya hapo na wengi wakakimbia. Kwa mwaka 2023 benki ilitoa gawio la shilingi 50 kwa hisa, theluthi ya bei ile ya mwanzo. Hata hivyo kukaa peke yake si dawa: Vodacom iliuzwa 850 mwaka 2017, na miaka kadhaa baadaye bado ilikuwa chini ya bei hiyo. Soma hesabu za kampuni kabla ya kununua.

Sasa uchague. Hela ya mbolea au ada ya Januari isiingie kwenye hisa. Ipeleke Mfuko wa Ukwasi, mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa UTT AMIS. Hela usiyoihitaji miaka mitano, nunulia hisa kidogo kidogo, na gawio linunulie hisa nyingine. Ukitaka kununua na kuuza, tenga sehemu ndogo, mpe dalali bei yako ya mwisho, na usiuze kabla bei haijapanda zaidi ya asilimia 4, kwani chini ya hapo unamfanyia kazi dalali.

Na usimkabidhi fedha mtu asiye na leseni ya CMSA, yaani Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, hata akiwa ndugu yako.