Watu Watatu Pasipo Kiongozi

Wenzangu wengi hudhani kwamba wapigaji muziki wa Kizungu hawawezi kwenda pamoja pasipo mtu wa kuwaongoza kwa fimbo. Sivyo. Iko namna ipigwayo na watu watatu tu: wa piano, wa fidla, na wa selo, yaani fidla kubwa ishikwayo kati ya magoti. Kila mmoja husikiliza wenzake na kutazama hata pumzi zao.

Taabu ni piano, maana huweza kuifunika selo kabisa. Katika vipande vya Haydn, selo mara nyingi hufuata tu mkono wa kushoto wa mpiga piano ili kuutia nguvu, kwa kuwa piano za siku zile zilikuwa dhaifu. Beethoven, katika vipande vitatu alivyovichapisha mwaka 1795, aliipa selo sauti yake yenyewe. Basi mpiga piano hana budi kujizuia.

Aliyejua kujizuia, kwa maoni yangu, ni Menahem Pressler. Alizaliwa Magdeburg, Ujerumani, mwaka 1923. Mwaka 1939 akawakimbia Wanazi pamoja na wazazi wake. Jamaa wengi waliobaki nyuma waliuawa. Mwaka 1955 yeye, Daniel Guilet wa fidla na Bernard Greenhouse wa selo walianzisha Beaux Arts Trio huko Marekani. Wenzake wakaondoka, wageni wakaingia, na kila mara ilimpasa kuwazoea upya. Alikaa mpaka kundi lilipokoma mwaka 2008, miaka 53.

Mwalimu wetu alipotupigia santuri yao, nilichosikia kwanza ni selo.