Mchongaji Naye Apewe Nafasi ya Kumwona Ndovu

Yeyote aliyewahi kuingia katika ua wa Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi bila shaka ameiona sanamu ya Ahmed, yule ndovu wa Marsabit ambaye Mzee Jomo Kenyatta alimpa ulinzi kwa amri maalum mwaka wa 1970. Ahmed alikufa mwaka wa 1974. Sanamu yake ina kimo cha ndovu kamili, na atazamaye huduwazwa kwanza na zile pembe ndefu ajabu. Huyo si ndovu hivi hivi. Huyo ni Ahmed.

Sasa hebu tupite kwenye vibanda vya vinyago kando ya barabara zetu. Hapo utawakuta ndovu mia moja wenye masikio sawa na mikonga iliyoinuliwa kwa namna ile ile, kana kwamba mama yao ni mmoja na walizaliwa siku moja. Siwalaumu wachongaji. Mnunuzi wa jumla huagiza dazeni kadhaa za namna moja, tena kwa bei ya chini, na mchongaji ana watoto wa kulisha. Lakini ni wangapi kati yao waliowahi kumtazama ndovu aliye hai kwa muda wa saa nzima?

Ufundi wenyewe haukosekani. Mutisya Munge wa Wamunyu, Ukambani, aliupata kwa Wazaramo huko Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaurudisha nyumbani, nao ukaenea hadi Mombasa. Mikono tunayo. Macho ndiyo yaliyonyimwa nafasi.

Maana wanyama, ndugu msomaji, hawafanani. Watafiti wa Amboseli, walioanza kazi yao mwaka wa 1972, huwatambua ndovu mmoja mmoja kwa mipasuko na matundu ya masikio. Ndovu hupendelea pembe moja anapochimba au kubambua magome, na pembe hiyo huchakaa ikawa fupi kuliko mwenziwe. Simba naye hujulikana kwa mpangilio wa vidoa kwenye mizizi ya sharubu zake. Yote haya tezo na patasi zaweza kuyaonyesha, ila hayapatikani katika picha ya kalenda.

Isitoshe, kuna suala la miti. Mpingo na muhugu imekatwa mno, na wachongaji wengi wamegeukia mwarobaini na mwembe. Mti uliochukua miongo kukomaa wastahili kuwa mnyama mmoja mwenye jina na makao, si ndovu kumi wa bei ya kutupa. Wageni wameliona hilo. Mwaka wa 2018, Gillie na Marc, wasanii wa Australia, walisimamisha mjini New York sanamu ya vifaru weupe wa kaskazini wa Ol Pejeta: Sudan, binti yake Najin na mjukuu wake Fatu. Sudan alikufa mwezi uo huo wa Machi.

Kwa hivyo nawaomba wakuu wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori wawafungulie wachongaji malango, hata kama ni siku moja kila baada ya miezi mitatu, bila ada, waingie na karatasi na penseli. Vyama vyao vya ushirika vigharimie lori na chakula cha mchana, kwani anayeacha kibanda chake siku nzima hupoteza riziki ya siku hiyo. Kutoka Wamunyu hadi Mbuga ya Nairobi ni safari ya asubuhi moja tu. Humo hamna ndovu wa mwituni, lakini vifaru wamo.