Anayeshika Mkia Huenda Si Mjinga

Kabla hujamkaripia mwanao kwa kushika mkia darasani, hebu sikia haya. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Mmarekani Robert Sternberg na wenzake walichapisha utafiti waliofanyia watoto 85 huko Usenge, kando ya Ziwa Victoria. Waliwapa majaribio ya kawaida ya akili, kisha wakawauliza habari za mitishamba: majani haya hutibu nini, na mgonjwa hupewa kiasi gani? Watoto wale walizoea kujitibu minyoo nyumbani.

Ajabu ni kuwa waliobobea katika dawa ndio, kwa kawaida, waliopata alama za chini katika msamiati na Kiingereza! Ripoti ya shule ingewaita wajinga. Wako je, anajua nini ambacho hakuna mwalimu aliyewahi kumwuliza?