Mchezo wa Mwenzio, Idhini ya Mwenyewe

Tuseme kijana wa Ifakara, ambaye mchana huhangaika na mpunga na usiku huinamia kompyuta, ameuhusudu mchezo wa video wa kampuni ya Japani, hata akaazimu kuunda wake wenye mashujaa wale wale, ila sasa wakivuka mto Kilombero wenye viboko. Je, yampasa kuomba idhini? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Namba 7 ya mwaka 1999, yajibu kwamba yampasa, kwa kuwa kuitohoa kazi ni haki ya mtunzi, nayo aghalabu hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Wala kuugawa mchezo bure hakumwondolei mtu dhima.

Hata hivyo, wenye mali hawana tabia moja: mwaka 2016 kampuni ya Nintendo walitaka AM2R, mchezo wa bure uliotungwa na shabiki wa mchezo wao wa Metroid, uondolewe mtandaoni, ilhali kampuni ya Sega walimshirikisha shabiki wao, Christian Whitehead, na mwaka 2017 wakatoa mchezo wa Sonic Mania.

Lakini wazo tupu halimilikiwi: mto, viboko, sheshe na mvuvi mtumbwini ni riziki ya macho ya kila mtu, na aliyemuumba shujaa wake mwenyewe hana mlango wa kubishia hodi.