Mkimbio Mmoja Uliowaliza Waafrika Kusini

Timu ya taifa inapofungwa kwa kishindo, mpenzi wake huweza kulala usingizi. Anajua kwamba wapinzani walikuwa bora. Hulaumu kidogo, na Jumatatu huenda kazini kama kawaida. Kushindwa kwa nukta ndiko kunakomkosesha mtu usingizi. Hukaa mezani chakula kikapoa, akiurudia mchezo ule ule kichwani, na kila mara akipaona mahali padogo ambapo mambo yangeweza kwenda vingine. Mkewe akimsemesha, hujibu neno moja. Watoto hujifunza upesi kutompitia mbele.

Wapenzi wa kriketi wa Afrika Kusini wanaifahamu hali hiyo vizuri mno, na siku wanayoitaja kwanza ni tarehe 17 Juni 1999.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, ambao hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi umechezwa zaidi na ndugu zetu wenye asili ya Asia, yatosha kusema hivi. Wapigaji wawili husimama kwenye ncha mbili za njia fupi, kila mmoja na kibao chake. Mmoja apigapo mpira, wote wawili hukimbia kubadilishana ncha, na wakifika salama timu yao huhesabiwa mkimbio mmoja. Mpira ukiviringika hadi nje ya mpaka wa uwanja ni mikimbio minne. Lakini wapinzani wakivivunja vijiti kwa mpira kabla mkimbiaji hajafika, huyo ametoka; na wakitoka watu kumi, zamu ya timu imekwisha.

Siku hiyo, katika uwanja wa Edgbaston mjini Birmingham, Uingereza, Afrika Kusini ilipambana na Australia katika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Australia ilipata mikimbio 213. Shaun Pollock alikuwa amewatoa wapigaji watano, na Allan Donald wanne. Afrika Kusini ikaijongelea hesabu hiyo kwa taabu, hadi ikabaki mipira sita, mikimbio tisa, na watu wawili wa mwisho: Lance Klusener, aliyekuwa akipiga mpira kwa nguvu za ajabu mashindano yote yale, na Donald, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kurusha, si kupiga.

Mpira wa kwanza wa Damien Fleming, Klusener akaupeleka mpakani: minne. Wa pili, vivyo hivyo: minne. Hesabu zikawa sawa, 213 kwa 213. Ilibaki mipira minne na ulitakiwa mkimbio mmoja tu.

Katika mpira wa tatu Donald alitoka mahali pake, akanusurika kwa kuwa Mwaustralia aliyerusha kuvilenga vijiti alikosa. Katika wa nne, Klusener alipiga na kuanza kukimbia. Donald, akiukumbuka mpira uliotangulia, alibaki akiutazama mpira. Alipogeuka, mwenzake alikuwa tayari amefika upande wake. Kibao kikamponyoka, akaanza kukimbia mikono mitupu. Mpira ulimfikia Adam Gilchrist, naye akavivunja vijiti. Ilikuwa sare, lakini sare isiyo na haki sawa: Australia ilisonga mbele kwa sababu iliitangulia Afrika Kusini katika msimamo wa hatua iliyopita.

Kila mpenzi wa timu ile ana mtu wa kumlaumu, na lawama hizo zimegawa meza nyingi za chakula. Wako wanaosema Donald alilala. Kwa maoni yangu, kosa kubwa lilikuwa haraka. Baada ya mpira ule ilikuwa bado imebaki mingine miwili, na hakuna aliyekuwa akiwafukuza.

Hata hivyo, ndugu msomaji, uchungu ule una upande mwingine ambao wachambuzi wa michezo huupita upesi. Katika miaka ya ubaguzi wa rangi, timu iliyojiita ya Afrika Kusini ilikuwa ya wazungu peke yao. Katika uwanja wa Newlands, Cape Town, watazamaji wasio wazungu waliotengewa sehemu yao walikuwa wakiwashangilia wageni. Basil D'Oliveira, mzaliwa wa mji huo huo, alilazimika kuhamia Uingereza ili apate kucheza. Na mwaka 1968, Waingereza walipomteua aje nao, serikali ya Vorster ilimkataa na ziara ikavunjika. Kuanzia mwaka 1970 timu ya makaburu ilisusiwa kwa zaidi ya miaka 20.

Iliporejea, mambo yalikuwa hayajatulia. Tarehe 26 Februari 1992 Afrika Kusini iliishinda Australia mjini Sydney, na Steve Tshwete wa ANC, aliyekuwa amefungwa miaka mingi katika kisiwa cha Robben, alimkumbatia nahodha Kepler Wessels huku akilia. Mtu ambaye wakati huo alikuwa bado hana haki ya kupiga kura nchini mwake aliililia timu hiyo kwa furaha. Wiki chache baadaye, katika nusu fainali na Uingereza, mvua ilikatiza mchezo zikihitajika 22 kwa mipira 13. Waliporudi, kanuni iliwadai 21 kwa mpira mmoja! Miaka saba baadaye, huko Birmingham, ikaja zamu ya Donald na Klusener.

Tangu hapo wamepewa jina baya la watu wanaokabwa koo na woga. Si haki kuihesabu mvua ya Sydney kuwa woga. Ila mwaka 2003 mjini Durban walikosea wenyewe kusoma hesabu, wakadhani 229 ni ushindi kumbe ni sare. Na mwaka 2024 mjini Bridgetown, wakihitaji 30 kwa mipira 30 katika fainali na India, walishindwa kwa mikimbio saba.

Mwezi Juni 2025, katika fainali ya ubingwa wa dunia wa mechi za siku tano, walikutana na Australia ile ile uwanjani Lord's, London. Nahodha alikuwa Temba Bavuma, mtoto wa Langa, kitongoji cha Waafrika cha Cape Town, akipiga huku akichechemea kwa maumivu ya paja. Jioni ya siku ya tatu ubao wa hesabu ulionyesha kwamba Afrika Kusini imefikia 213, na watu wawili tu wametoka. Zilibaki 69. Mwenye kuikumbuka Birmingham aliisoma namba hiyo akanyamaza, akasubiri kuche. Kesho yake, tarehe 14, walizipata zote.