Madini ya Chuma na Mavuno ya Mpunga

Mpunga huhitaji madini ya chuma ili majani yawe ya kijani. Yakizidi, huwa sumu. Udongo wenye tindikali unapotuamisha maji kwa muda mrefu hukosa hewa, chuma huyeyuka na kufyonzwa na mizizi. Dalili zake ni madoa ya kahawia yanayoanzia kwenye ncha za majani ya chini, mizizi yenye rangi ya kutu, machipukizi machache na mapepe mengi.

Mkulima anayedhani ni upungufu wa naitrojeni akaongeza urea hupoteza fedha zake. Wananchi wanashauriwa kutoa maji majarubani kwa vipindi kabla mpunga haujachanua, kutumia mbolea yenye potasi, na kumwona Afisa Ugani wa kata ili udongo upimwe kabla ya msimu.