Minyoo ya Kuku na Minyoo ya Mtoto

Akina mama wanaofuga kuku wa mayai hutuuliza mara kwa mara: kuku wakiwa na minyoo, je, watoto nyumbani wataambukizwa? Jibu ni hapana. Minyoo mviringo ya kuku hukaa katika utumbo wa kuku. Ile inayowasumbua watoto wetu, yaani mchango, safura na minyoo mjeledi, hutoka katika kinyesi cha binadamu. Miaka ya 1990 watoto wa shule hapa Pemba walipopimwa, karibu wote walikutwa na aina moja au zaidi. Tusimsingizie kuku.

Kuku mwenye minyoo hutoa kwa kinyesi mayai ya minyoo yasiyoonekana kwa macho. Katika udongo wenye joto na unyevu, kama wetu wakati wa masika, mayai hayo huiva kwa muda wa wiki 2 hivi, na huweza kudumu humo kwa miezi mingi. Kuku mwingine huyadonoa pamoja na chakula. Tetea hukonda, upanga wake hupauka, na utagaji hupungua. Mara chache sana mnyoo hupanda kwenye mrija wa mayai na kufungiwa ndani ya yai. Anayelipasua hutishika. Si uchawi, alitupe yai hilo na kuwatibu kuku wake.

Kuhara damu, au koksidiosisi, ni jambo jingine. Huletwa na vijidudu vidogo mno ambavyo si minyoo, na huwaua zaidi vifaranga wa wiki 3 hadi 6. Katika maranda yaliyoloa vijidudu hivyo huwa tayari kuambukiza kwa siku 1 au 2 tu. Dawa ya minyoo haivigusi kabisa, na hapa ndipo wengi hupoteza fedha: dawa imenunuliwa, vifaranga wanaendelea kufa. Mpelekee bwana mifugo kifaranga aliyekufa, ampasue na kutazama utumbo. Akiona ni kuhara damu, huenda akaagiza amproliamu ya kuchanganya na maji. Dawa za salfa hubaki ndani ya mayai, kwa hiyo usiwape matetea bila kumuuliza. Kwa dawa yoyote, uliza mayai yasiliwe wala kuuzwa kwa siku ngapi.

Vidonge vya minyoo wanavyopewa watoto shuleni visisagwe na kutiwa katika maji ya kuku. Kipimo chake ni cha mtoto.

Banda liwe kavu, chombo cha maji kisivuje, na vifaranga wasichanganywe na kuku wakubwa.

Kinyesi cha kuku kina vijidudu vingine, kama salmonela, ambavyo huwaharisha watu. Anayeokota mayai anawe mikono kwa sabuni, mtoto anayetambaa asiachwe bandani, na yai lipikwe mpaka kiini kigande. Mtoto aliyepauka na kuchoka ovyo mleteni hospitali pamoja na choo chake kidogo katika kichupa safi, apimwe minyoo na damu.